Mlango Usioandikwa Jina

Mtu akimwita Agatha mchapaji, hakukasirika, ila alimsahihisha. "Wachapaji wako huko nje," alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa pili wa pazia. "Mimi nachora nyumba."

Na kweli alichora nyumba. Kiti chake kilikuwa nyuma ya pazia la kitenge katika duka la Mama Lois, Masasi mjini, mbele ya kompyuta yenye mgongo mkubwa kuliko uso wake. Chini ya meza, ndani ya boksi lililoileta kompyuta hiyo kutoka Dar es Salaam, alilala mwanawe Luka, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Wateja wengine wakiingia, waliona kidole gumba kidogo kimechungulia ukingoni mwa boksi, wakasahau walichokuja kuuliza.

Miaka hiyo biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao wenyewe, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na mkulima aliyebahatika kuuza vizuri hakutaka tena nyumba ya udongo. Alitaka tofali na bati. Na kabla ya tofali na bati alitaka ramani, kwa sababu jirani yake alikuwa nayo. Mama Lois, mwenyeji wa Songea aliyekuja Masasi na cherehani moja na mdomo mwepesi, aliliona hilo mapema. Akanunua kompyuta mbili za mitumba, akamleta mchoraji aitwaye Justin, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu: TUNACHORA RAMANI ZA KISASA.

Agatha aliingia hapo kama mfagiaji. Alikuwa mtoto wa Newala, kule juu ambako maji ni ya kubembeleza. Alipokuwa msichana alishuka bondeni na wenzake kuteka, na walipokuwa wakisubiri foleni kisimani walichora kwenye mchanga kwa vijiti. Wenzake walichora nyumba yenye mlango na dirisha. Yeye alichora nyumba iliyovuliwa paa, unaitazama kutoka juu kama ndege: hiki kitanda cha mama, haya mafiga, hapa kuku wanalala. Shule aliishia darasa la saba. Akaolewa na Marko, fundi baiskeli, wakashuka Masasi, na ule mchezo wa mchangani akausahau, mpaka siku aliyopita na fagio nyuma ya Justin akaona kwenye kioo nyumba imevuliwa paa.

Tangu hapo kufagia kwake upande ule kukawa kunachukua muda mrefu.

Siku moja Justin alitoka kwenda kunywa chai. Aliporudi alimkuta Agatha amekaa kitini, uso umemwiva kwa aibu, na kwenye kioo kuna chumba kimoja na mlango mmoja.

"Umechora nini?"

"Mlango, kaka Justin."

"Mlango wa nini, wa kupitishia Mlima Mkomaindo?"

Maana mlango ulikuwa umekimeza chumba chote. Chumba alikiandikia vipimo kwa mita, mlango akauandikia kwa milimita, na kompyuta, ambayo haina habari na mita wala milimita mpaka uiambie, ikachora kama ilivyoambiwa. Justin alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Lakini hakumfukuza. Alivuta kiti cha pili.

"Kosa lako umeanza na karatasi tupu," alisema. "Hapa hakuna anayeanza na karatasi tupu, hata mimi. Tazama. Hiki kinaitwa kiolezo. Humu vipimo vimeshapangwa. Ukuta una mstari wake mnene, dirisha lina wake mwembamba, maandishi yana ukubwa wake. Pembeni huku kuna visanduku vya jina la mwenye nyumba, kiwanja na tarehe. Mshale wa kaskazini huu hapa. Na katikati nimeweka nyumba ya kawaida, vyumba vitatu na ukumbi, maana wateja wetu wengi wanataka hiyo hiyo. Wewe unavuta kuta tu, unapanua, unapunguza."

"Kama kalibu ya tofali," Agatha akasema.

"Eeeh! Kama kalibu. Sasa sikiliza vizuri. Hiki hukifungui chenyewe. Unaiambia kompyuta, nipe ramani mpya kwa kutumia kiolezo hiki, nayo inakupa nakala, unachora kwenye nakala. Ukikifungua chenyewe, ukachora humo na kuhifadhi, umeharibu kalibu. Kila nyumba itakayotoka itatoka na kilema kile kile."

Agatha akaelewa. Miezi ikapita, akawa anachora mchana huku Justin akipiga soga, na Justin alipopata kazi Mtwara, Mama Lois alisimama mlangoni mwa pazia, mikono kiunoni.

"Mama Luka, hicho kiti nakupa wewe. Mtoto wako hanisumbui, darasa lako la saba halinisumbui. Ila siku mteja atakaporudi hapa dukani na ramani iliyoharibika mkononi, namwita kijana wa chuo, yuko Lindi huko ananibembeleza. Wewe unarudi kwenye fagio. Na fagio, mwenzangu, halina meza ya kuwekea boksi chini yake."

"Nimesikia, Mama Lois."

Alisikia hasa. Kiti kile kilikuwa ndiyo kuchora kwenyewe, na ndiyo kukaa na Luka mchana kutwa bila kumwachia mtu. Kila jioni kabla hajatoka alikifuta vumbi.

Msimu huo akaja Fakihi, mkulima wa korosho wa Chiungutwa, mtu mzima mwenye kofia safi na haya nyingi. Alikuwa ameoa na kuhamia ukweni, kama wanaume wengi wa huko, na sasa alitaka kuwajengea wote nyumba ya tofali, mama mkwe wake akiwemo. Aliitazama nyumba ya kawaida kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii ya ukumbi katikati itatuua."

"Kwa nini, baba?"

"Asubuhi mimi natoka chumbani kwangu. Na yeye," akapunguza sauti, "anatoka chumbani kwake anaelekea uani. Tunakutana ukumbini uso kwa uso. Nirudi mimi? Arudi yeye? Si tutakaa tunarudirudi mpaka jua lizame?"

Agatha aliinama kumrekebisha Luka kofia, ili asionekane anacheka. Alijua vizuri jambo hilo. Baba yake mwenyewe, kule Newala, aliwahi kushinda na njaa shambani kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa njiani anapukuchua mahindi, na njia nyingine haikuwepo.

Wakakubaliana. Chumba cha nyuma kikapata mlango wake wa peke yake wa kutokea uani, na kando ya mlango huo ukatoka ukuta mfupi wa kusitiri, ili aliye kibarazani asimwone anayetoka.

"Niandike mlango wa nani?" Agatha akauliza.

Fakihi alishtuka kama aliyekanyaga siafu. "Usiandike! Mimi jina lake silitaji mdomoni, halafu lije likae kwenye karatasi nitakayoikunjua mbele ya mafundi? Acha hivyo hivyo. Fundi wa kwetu akiuona atajua."

Katikati ya kazi umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi yake. Uliporudi, mchoro ulikuwa umepotea, na Luka naye alikuwa ameamka na ufizi unamuuma. Agatha akampakata mkono wa kushoto, akampa ziwa, na kwa mkono wa kulia akabonyeza faili la kwanza aliloliona, bila kulisoma jina. Kilikuwa kiolezo chenyewe. Akachora upya mlango na ukuta wake wa kusitiri, akahifadhi harakaharaka kabla umeme haujaondoka tena. Halafu akahifadhi mara ya pili kwa jina la Fakihi, akajaza visanduku, akachapisha. Fakihi akaondoka ameibana ramani kwapani kama mtu aliyebeba kuku.

Baada ya hapo akaja Mwalimu Emmanuel, Mnyiramba wa Singida, anayefundisha shule ya Lisekese. Alitaka nyumba ya kawaida, ila sebule ipanuliwe apate pa kuweka vitabu. Siku hiyo Luka alikuwa na joto, Agatha akawa na jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye boksi. Alivuta kuta za mbele. Za nyuma hakuzigusa, kwa nini aziguse? Mwalimu akashukuru, akaondoka.

Wiki tatu mbele, bila mteja mwingine wa ramani katikati, akaja Sista Leonia kutoka parokia moja upande wa Newala, anataka nyumba ya masista. Agatha aliagiza ramani mpya kwa kiolezo, akaanza kupanga vyumba, akafika nyuma. Akasimamisha mkono.

Mlango. Na ukuta wa kusitiri.

"Sasa masista wana mkwe gani?" alijisemea.

Alifikiri amekosea kufungua. Akafunga, akaagiza tena. Mlango ukamtazama. Ndipo maneno ya Justin yalipomrudia, yote. Akaifungua ramani ya Mwalimu Emmanuel. Nayo ilikuwa nao, umekaa kimya pale nyuma bila jina, na karatasi ilishatoka, ilishafika kwa mafundi.

Akamfunga Luka mgongoni, akatoka nje ya pazia.

"Mama Lois, naomba nifike Lisekese mara moja."

"Lisekese kuna nini?"

"Kuna mlango."

"Mlango umefanya nini?"

"Nataka niuone kabla haujajengwa."

"Nenda," alisema. "Ila ukirudi unipe habari nzima. Nusu sitaki."

Agatha alipita kwa Marko, akachukua baiskeli ya mteja iliyokwisha tengenezwa, na Marko hakuuliza, alimwona uso tu akamwambia breki ya nyuma haishiki. Mikorosho ilikuwa imechanua njia nzima, na siku nyingine angesimama kunusa. Alipiga pedali huku akihesabu maneno atakayosema: nitaomba msamaha, nitaomba fundi asubiri, nitachora nyingine leo leo, Mama Lois asijue. Halafu akakumbuka kwamba Mama Lois ameshaambiwa kuna mlango.

Kiwanjani fundi Stefano alimwona kwa mbali, akapunga mwiko.

"Mama Luka! Njoo uone kazi yako ilivyosimama!"

Ilikuwa imesimama kweli. Kuta zilishafika usawa wa madirisha. Na kule nyuma mlango ulikuwa wazi, umeachwa vizuri, na ukuta wa kusitiri umetoka kando yake kama sikio.

Agatha akaiegemeza baiskeli. "Fundi, huu mlango nani kakuambia uujenge?"

"Karatasi yako. Nilivyouona tu nikawaambia vibarua, jamani, mwalimu anaoa kwetu! Mtu wa Singida huyo, kaweka mlango wa mkwe, kimyakimya, hata jina hajaandika. Heshima gani hiyo!"

"Umewaambia nani wengine?"

"Mimi? Vibarua tu."

"Na vibarua?"

Stefano akajikuna shingo. "Vibarua wana mama zao."

Mwalimu Emmanuel akatokea wakati huo huo, anatoka shuleni, chaki imemjaa mkononi mwa shati. Agatha alimwamkia, na kabla hajafungua mdomo kuomba msamaha, mwalimu akashusha pumzi.

"Afadhali umekuja, Mama Luka. Nilikuwa nikufuate. Sijui hata kama nitaendelea na nyumba hii."

Basi, Agatha akawaza. Kiti kimekwenda.

"Watu wa hapa wamenibadilikia," mwalimu akaendelea. "Hasa Mama Cecilia, yule pale ng'ambo. Zamani tulisalimiana vizuri tu, namwamkia, ananiuliza habari za Singida. Sasa akiniona anajifunika kanga usoni, anaingia kwenye mikorosho. Juzi alikuwa na ndoo ya maji kichwani, kaitua katikati ya njia akakimbia! Mtu mzima yule! Nikabaki na ndoo. Nimemkosea nini?"

Stefano aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Halafu jioni," mwalimu akasema, "nakuta ming'oko, vile viazi vyenu vya porini, imechemshwa, imefunikwa vizuri, imewekwa mlangoni kwangu. Aliyeleta simwoni. Mtu gani anakuchukia halafu anakuletea ming'oko?"

Hapo Stefano akashindwa. Alikaa chini kwenye lundo la mchanga, akacheka mpaka mwiko ukamtoka. Agatha hakucheka. Alikuwa anamtazama mwalimu, na alikuwa ameona kitu, jinsi alivyolitamka lile jina la Cecilia polepole, kama mtu anayeshika yai.

"Mwalimu, samahani. Huyo Cecilia mwenyewe ni nani kwako?"

Mwalimu akaanza kufuta chaki shatini, ikawa inazidi kuenea. "Ni fundi cherehani," alisema.

"Hilo tunalijua," Stefano akasema kutoka mchangani.

"Basi ni... tunaongea. Nilitaka kutuma mtu kwao, nikaogopa. Nilisikia mama yake hataki watu wa kuja. Wanaoa, wanahamishwa kazi, wanaondoka na binti. Nikasema nijenge kwanza, waone mimi siendi popote."

Agatha alimhamisha Luka kutoka mgongoni hadi kiunoni, apate nguvu za kusema.

"Mwalimu, mama huyo hajakuchukia. Huku kwetu mama mkwe na mkwewe hawakutani hovyo njiani. Wanapishana kwa heshima. Amekukimbia kwa sababu ameshakuhesabu mkwe. Na ming'oko ni yake, nani mwingine? Na aliyemfanya akuhesabu hivyo ni huo mlango. Mlango ni wa mama mkwe. Fundi aliujua, mji mzima ukajua. Ila wewe hukuuagiza. Nimeuweka mimi, kwa makosa. Nilichora nyumba ya mtu mwingine ndani ya kiolezo, ikabaki humo, ikatokea kwako. Nimekuja kukuomba msamaha, na ukitaka, nichore upya na ukuta ubomolewe."

Mwalimu alikwenda mpaka kwenye ule mlango, akapita kutoka ndani kwenda uani, akarudi, akapita tena. Akapapasa ukuta wa kusitiri. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua ndefu.

"Fundi," akasema mwisho, "ukibomolewa itakuwaje?"

"Mwalimu, ukiubomoa leo, umemfukuza mama wa watu kabla hajaingia."

"Basi mtu asiuguse!" Mwalimu alisema kwa sauti hadi Luka akashtuka. "Mama Luka, unaniomba msamaha wa nini? Mimi ningekaa hapa mwaka mzima naogopa. Fundi, ndoo ya watu bado iko kwangu. Nitairudishaje?"

"Wewe huirudishi," Stefano alisema akijipangusa mchanga. "Nairudisha mimi. Na nikishafika na ndoo, nitakaa, na nikishakaa, nitasema kilichonileta."

Agatha aliwaacha wanabishana kama ndoo irudi tupu au na kilo mbili za sukari ndani.

Njiani kurudi, furaha na hofu vilipokezana. Mteja ameridhika. Ramani haitarudi dukani. Angeweza kumwambia Mama Lois kwamba mlango ni mzuri, umejengwa vizuri, mwalimu anashukuru, na yote hayo yangekuwa kweli. Alilikamata wazo hilo kutoka mti mmoja hadi mwingine. Lakini kiolezo kilikuwa bado kimeharibika, na masista walikuwa wanasubiri nyumba. Na kiti ambacho angekikalia huku akisikiliza kila hatua inayoingia dukani, kama si mtu anayerudisha ramani, kingekuwa kiti gani?

Akamkuta Mama Lois anapanga karatasi. Akamwambia. Tangu umeme kukatika, hadi Fakihi, hadi sikio la ukuta kule Lisekese. Mama Lois hakumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kwa hiyo kalibu imeharibika tangu siku ya Fakihi."

"Ndiyo, Mama Lois."

"Na kama si huyo mwalimu na mapenzi yake, leo tungekuwa tunabomoa ukuta wa watu."

"Ndiyo."

Nje mtu aliuliza kama kuna bahasha, Mama Lois akamjibu zipo, asubiri.

"Mimi nilisema nini kuhusu hicho kiti?"

"Ulisema siku ramani iliyoharibika itakaporudi dukani, mkononi mwa mteja."

"Imerudi?"

"Haijarudi. Nimeifuata mimi."

"Umeifuata wewe." Mama Lois aligonga karatasi mezani zikakaa sawa. "Kwa baiskeli isiyo na breki, na mtoto mgongoni. Yule kijana wa Lindi namjua, ni mwanafunzi mzuri, ila nikimpigia simu kwamba kuna kosa ananiambia kosa ni la fundi. Kaa kwenye kiti chako. Lakini leo mbele ya macho yangu unakisafisha hicho kiolezo, unakifungia, mtu asiweze kukiandika juu hata akilala juu ya kompyuta. Na ule mlango usiutupe."

"Nisiutupe?"

"Tengeneza kiolezo cha pili. Kimoja kina mlango, kimoja hakina. Nusu ya Chiungutwa wanaishi kwa wakwe zao, wewe unataka kuchora mlango ule ule kila siku?"

Agatha alikaa. Akafungua kiolezo chenyewe, safari hii kwa kukusudia, akakihifadhi kwanza kwa jina jingine, kisha akaufuta mlango kutoka kile cha zamani, ukuta ukajifunga. Akaonyesha namna ya kukifungia kisiandikwe tena. Mama Lois alikuwa ameinama begani kwake, anaangalia. Ghafla akapumua kwa nguvu puani.

"Masista!" alisema. "Ungewapelekea masista mlango wa mama mkwe!"

"Mama Lois, tafadhali..."

"Sista Leonia angempa padri maelezo gani?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kushikana mabega, mpaka Luka akaamka boksini akaanza kulia. Agatha alitaka kuinuka. Mama Lois akamwahi. Alimnyanyua mtoto, akachukua kanga iliyokuwa kitini, akamfunga mgongoni kwa mafundo mawili ya haraka, kama mtu ambaye hajasahau.

"Wewe chora," alisema. "Sista anapita kesho."

Pazia likashuka. Agatha akaiambia kompyuta impe ramani mpya. Akasoma majina mawili, neno kwa neno, akachagua lile alilolitaka. Nyumba safi ikafunguka, fremu yake, mshale wake wa kaskazini, ukuta wa nyuma mzima. Akaanza kuvuta kuta.

Nje alisikia mteja mpya anaingia, na sauti ya Mama Lois, ikibembea kidogo kwa sababu alikuwa anamtikisa mtoto: "Karibu, baba. Ramani ya nyumba? Tunachora. Ila kabla hujakaa, tuambiane ukweli, kwako mama mkwe anakaa wapi?"